Siku Mbuta Alipopigana na Kifaru

Kila Jumamosi asubuhi Nangila alikuwa na kazi moja: kubeba mitungi miwili ya njano mpaka kwenye bomba la maji na kurudi nayo imejaa kabla mama yake hajaanza kumwita. Ilikuwa kazi ya wenye viwiko. Pale bombani mtoto mpole hurudi nyumbani na mitungi mikavu na maelezo marefu, na hakuna mama wa mtaa wa Nyalenda aliye na haja na maelezo.

Siku hiyo alikuta foleni imevurugika. Wavulana wawili walikuwa wakigaagaa matopeni, mmoja amemkalia mwenzake kifuani na kumkaba koo.

"Sema Mbuta ndiye mkubwa! Sema!"

"Sisemi! Kifaru atamkanyaga huyo samaki wenu!"

Ngumi ikatua mdomoni, na damu ikachirizika mpaka kidevuni. Mama aliyesimamia bomba hakupoteza maneno. Alifunga maji. Foleni nzima ikawageukia wale wavulana kwa hasira, nao wakaachana upesi kuliko walivyoshikana.

Mama huyo aliitwa Nyar Ahero, yaani binti wa Ahero, kwa kuwa huko ndiko alikozaliwa, kwenye mashamba ya mpunga. Alikuwa na kifua kipana na sauti ambayo ilisikika hata redio za jirani zikiwa juu. Alifungua maji tena, akamtazama Nangila.

"Nangila, wewe ndiye wa mambo ya kompyuta. Hebu nieleze, huyu Mbuta ni nani?"

"Ni programu ya chesi, Mama. Sisi tunaita injini."

"Na Kifaru?"

"Pia ni injini."

"Nani anazicheza?"

"Hakuna mtu. Zinacheza zenyewe, moja kwa nyingine."

Nyar Ahero akacheka mpaka akashika kiuno. "Kwa hivyo hawa wanavunjana meno kwa sababu ya vitu viwili ambavyo havina hata meno?"

Nangila akacheka pia. Ilikuwa bado mapema, na jambo hilo lilikuwa bado la kuchekesha.

Nangila alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa Gredi ya Saba. Wazazi wake walitoka Bungoma kuja kutafuta kazi Kisumu, na chumba chao kilikuwa karibu na bomba, katikati ya pande mbili ambazo hazikupatana. Upande mmoja ulikaa karibu na barabara ya lami, ukaitwa Juu. Upande wa pili ulishuka mpaka pale maji ya mvua yanapotuama, ukaitwa Chini. Watoto wa Juu na Chini hawakuweza kucheza mchezo wowote pamoja bila mtu kurudi nyumbani akivuja damu. Mpira uliishia kwa mawe. Siku moja hata refa aling'atwa sikio.

Mwalimu Becky, aliyefundisha hisabati, alianzisha klabu ya sataranji, yaani chesi, akidhani mchezo wa kukaa kimya utawatuliza. Wapi! Muhula uliopita mvulana mmoja wa Juu aligusa kipande, akabadilisha mawazo, na mwenzake wa Chini akampiga na ubao mdomoni. Jino la mbele likaanguka juu ya meza.

Hapo ndipo Mwalimu Becky alipopata wazo. "Acheni mashine zicheze," alisema. "Kila upande uchague injini yake. Injini hazina ngumi."

Alikuwa mwalimu mwenye akili nyingi, lakini siku hiyo alisahau kwamba watazamaji wana ngumi.

Chini walichagua injini yao, wakaiita Mbuta, kwa jina la yule samaki mkubwa wa ziwani anayemeza samaki wenzake. Juu wakachagua yao, wakaiita Kifaru. Zote mbili ziliwekwa kwenye kompyuta moja ya klabu, na katikati yao ikawekwa programu ya tatu ambayo kazi yake ilikuwa urefa. Mbuta alipochagua hatua, refa aliipokea, akaiweka ubaoni, kisha akampelekea Kifaru habari. Kifaru naye alifikiri, saa yake ikihesabu, akarudisha jibu. Kila mmoja aliweza kupitia maelfu kwa maelfu ya hatua kwa muda ambao mtu anapiga chafya. Ili pasiwe na upendeleo, kila mchezo ulianzia mahali pamoja na kuchezwa mara mbili: mara Mbuta akiwa mweupe, mara akiwa mweusi.

Mwalimu aliweka na sharti moja, pande zote zikalikubali kwa makofi: kila mchezo utachezwa mpaka mfalme wa mtu akamatwe. Vijana wa Nyalenda walikulia kwenye drafti ya vifuniko vya soda, ambako mtu hasadiki kwamba ameshindwa mpaka aone kifuniko chake cha mwisho kikiliwa.

Pambano lenyewe lilipangwa kufanyika kwenye ukumbi wa video wa Mureithi, ambako watu huenda kutazama mpira. Mureithi na mkewe walitoka Nyeri miaka mingi iliyopita. Mtoto wao, Muturi, alizaliwa papa hapa Nyalenda, akasoma darasa moja na Nangila, na hao wawili walikuwa kama chanda na pete. Wao ndio walioaminiwa kusimamia kompyuta.

Baada ya kufikisha maji nyumbani, Nangila alikimbia ukumbini. Mama yake alikuwa amemwonya: "Saa nane uwe umerudi. Nataka kwenda sokoni, na mdogo wako hataachwa na ukuta."

Yeye na Muturi walifanya mchezo wa majaribio. Mwanzo ulikuwa moto, lakini mwisho ulijikokota. Mfalme mmoja, akiwa hana chochote isipokuwa askari wawili, alikimbizwa huku na huku ubaoni kana kwamba anatafuta choo. Muturi alichoka, akaenda nje kuleta mabenchi.

Nangila akabaki peke yake, akiitazama saa. Michezo ikienda hivi, saa nane itamkuta papo hapo. Akafungua sehemu ya masharti ya refa. Huko aliona kisanduku kidogo ambacho alikijua: ukikitia alama, refa husimamisha mchezo mara injini zote mbili zinapokubaliana kwamba mmoja ameshashindwa. Maana kila injini, inapocheza, huandika namba ya kuonyesha inavyojiona, kama inashinda au inazama. Mbuta akiandika kwamba amekwisha, na Kifaru naye akiandika kwamba Mbuta amekwisha, nani atabisha?

Akatia alama. Haukuwa wizi, maana Mbuta na Kifaru wote wangehukumiwa vilevile. Lakini sharti lilikuwa la watu wote, na yeye alilibadilisha peke yake. Nitamwambia Muturi baadaye, alijisemea. Muturi aliporudi na benchi begani, Nangila alimsaidia kulipanga, na habari ile ikalala.

Kufika saa tano ukumbi ulikuwa umefurika. Juu walikaa kushoto, Chini kulia, na katikati ikaachwa njia ambayo hakuna aliyetaka kuikanyaga. Mbele ya Chini alikaa Wanyonyi, kijana wa miaka kumi na saba mwenye mabega ya mbeba mizigo, ambaye sauti yake ndiyo iliyokuwa sheria ya upande ule. Televisheni kubwa ya Mureithi ilionyesha ubao, na refa akaanza.

Yale hayakuwa maonyesho ya kukaa kimya. Injini hazina huruma wala aibu. Mbuta alimtoa farasi wake aliwe, na Chini wakashika vichwa. Punde malkia wa Kifaru akajikuta kwenye mtego, akachinjwa, na Chini wakaruka juu ya mabenchi. Katika mchezo wa pili Kifaru alivunja ngome zote mbili za Mbuta na kuwamaliza askari mmoja mmoja, na Juu wakapiga mabati kwa ngumi mpaka vumbi likaanguka. "Ua! Ua!" walipiga kelele watoto ambao nyumbani huogopa kuchinja kuku. Bahati nzuri kwa Nangila, kila mfalme katika michezo hiyo alikamatwa upesi, na refa hakupata nafasi ya kusimamisha chochote kabla ya wakati.

Mpaka ulipofika mchezo wa mwisho, pande zilikuwa sawa. Mwalimu Becky, alipoona wametulia kidogo, alitoka kwenda kuleta soda za watoto. Mureithi alikuwa kibandani kwake nje akichaji simu za wateja.

Mchezo wa mwisho ulikuwa mchungu. Mbuta alikula na kula. Alimla askofu, akala ngome, akala askari. Wanyonyi alisimama, akahesabu kwa kidole vipande vilivyobaki, kama mtu anavyohesabu vifuniko vya drafti.

"Mnaona? Sisi tuko na malkia, ngome na farasi! Nyinyi mko na nini? Takataka!"

Chini wakapiga mbinja. Hakuna aliyetazama namba ndogo za injini upande wa chini wa televisheni. Ni Nangila tu aliyeziona. Askari mmoja wa Kifaru alikuwa karibu kufika ukingo wa ubao, ambako askari hugeuka malkia. Vipande vyote vya Mbuta vilikuwa vimekwama upande wa pili, vimeshiba na havina njia ya kurudi, na mfalme wake alikuwa amezibiwa kwenye kona. Mbuta mwenyewe alikuwa ameshaona kifo chake, ameandika. Kifaru ameandika vilevile.

Wakati huohuo waya wa televisheni ulilegea, picha ikachezacheza, na Muturi akainama mbele ya kompyuta kuukaza. Picha ikarudi. Ubao ulikuwa umesimama, na juu yake maandishi: Kifaru ameshinda.



"Amezima!" akapaza sauti mtu wa Chini. "Muturi amezima!"

Lazima ujue jambo moja. Ni Muturi aliyezoea kuzima televisheni ya baba yake kila muda waliolipia watazamaji ulipokwisha, hata kama mpira ulikuwa karibu kuingia golini. Mkono ule ulikuwa umeshalaaniwa mara nyingi katika ukumbi ule. Tena Muturi aliishi Juu. Watu hawakuhitaji ushahidi mwingine.

Wanyonyi aliruka mabenchi mawili, akamkamata Muturi shingoni, akambana ukutani. "Kwa nini umezima? Tulikuwa tunashinda!"

"Sijagusa kitu! Nilikuwa nashika waya!" Muturi alilia. "Muulize Nangila!"

Wanyonyi akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu. Nyuma yake walisimama wavulana wengi, na mmoja wao alikuwa tayari ameng'oa mguu wa benchi.

"Nangila. Nani amesimamisha hii gemu?"

Nangila alijua jibu. Lilikuwa kwenye ulimi wake, fupi kabisa: ni mimi. Lakini aliutazama ule mguu wa benchi wenye msumari nchani.

"Sijui," akasema.

Muturi alimtazama. Ngumi ya kwanza ikampata puani.

Baada ya hapo ukumbi uligeuka machinjio. Juu waliruka kumtetea Muturi, Chini wakawapokea kwa mabenchi. Televisheni ilianguka na kupasuka. Kompyuta ilisombwa na miguu mpaka chini ya meza, na Nangila akajikuta hapohapo chini ya meza pamoja nayo, ameziba masikio. Mureithi aliingia mbio akiita jina la mwanawe, akapigwa na kitu kizito kichwani, akaanguka mlangoni huku damu ikimfunika uso. Wavulana wakamruka wakimburuta Muturi kwa miguu kwenda nje.

Hapo nje kuna mtu alitamka neno. Hakuna aliyekuja kukiri baadaye ni nani.

"Mwizi!"

Nangila alilisikia akiwa chini ya meza. Hata mtoto mdogo wa Nyalenda anajua neno hilo linafanya nini. Wapita njia ambao hawakujua sataranji wala Muturi waliacha safari zao, wakaokota mawe. Mtu mmoja alitokea na fimbo. Mwingine alikuwa anaburuta tairi kuukuu, na hakuna aliyemuuliza la nini.

"Ameiba nini?" aliuliza mmoja huku akipiga teke.

"Sijui, piga tu!"

"Sijui" lile lilimchoma Nangila kuliko msumari. Akatoka chini ya meza. Alipita kati ya miguu ya watu wazima kwa kutambaa, kiatu kimoja kikapotea, mtu akamkanyaga vidole. Akamfikia Muturi. Mkono mmoja wa rafiki yake ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi, na jicho la kushoto lilikuwa limefunikwa na damu. Nangila akamlalia juu.

"Ni mimi!" alipiga kelele. "Mimi ndiye nimesimamisha! Muturi hajafanya kitu! Ni mimi!"

Hakuna aliyesikia. Jiwe likampata mgongoni, pumzi ikakatika. Fimbo ikashuka begani. Alijua kwamba ukweli aliousema sasa ulikuwa uleule ambao ungetosha ukumbini, tena kwa mtu mmoja tu. Sasa ulikuwa unamezwa na kelele.

"Weuru nyathi!"

Sauti ile ilizidi kelele zote. Mwacheni mtoto! Nyar Ahero alikuja akipasua umati kwa kifua chake, na nyuma yake wanawake wa bombani, wengine wakiwa bado na mitungi mikononi. Walimpokonya mwenye tairi tairi lake, wakawazunguka wale watoto wawili, wakashikana mikono.

"Nani ataniambia huyu mtoto ameiba nini?" Nyar Ahero aliuliza. "Wewe mwenye jiwe! Ameiba nini?"

Mwenye jiwe alitazama pembeni.

Nyuma kabisa sauti moja ikasema, "Warudi kwao!"

"Kwao ni wapi?" Nyar Ahero alifoka. "Alizaliwa kwenye chumba kile chenye mlango wa buluu! Mimi mwenyewe nilimshika mama yake mkono mvua ikinyesha! Kama kuna kwao kwingine, nionyeshe!"

Aliyesema hakujitokeza. Wapita njia walianza kuyaangusha mawe yao taratibu, wakijifuta vumbi mikononi, wakaendelea na safari zao kana kwamba walisimama tu kuuliza njia. Hao ndio waliomkera Nangila zaidi. Waliobaki ni watoto wa Juu na Chini, wakihema.

Mwendesha bodaboda mmoja alimbeba Muturi na mama yake kwenda hospitalini. Mureithi alifuata kwenye ya pili, shati lake limeloa damu. Mwalimu Becky alifika wakati huo akiwa na soda mikononi, akaziweka chini palepale barabarani.

"Nani atanieleza?" aliuliza.

Nangila alisimama. Mgongo ulimwaka moto, lakini safari hii hakungoja. "Ni mimi, Mwalimu. Niliweka alama refa asimamishe mchezo injini zikikubaliana. Nilitaka kuwahi nyumbani. Sikumwambia mtu. Na Wanyonyi aliponiuliza, nilisema sijui."

"Uongo!" Wanyonyi alisema. "Anamtetea rafiki yake. Mbuta alikuwa anashinda. Kila mtu aliona!"

"Basi twende tukaone," alisema Mwalimu Becky.

Waliingia kwenye ukumbi uliovunjwa. Nangila aliitoa kompyuta chini ya meza. Kioo kilikuwa na ufa mrefu, lakini ilikuwa bado hai. Kwa kuwa televisheni haikuwepo tena, Juu na Chini walilazimika kubanana kichwa kwa kichwa kuuzunguka ule ubao mdogo. Nangila aliondoa alama mbele ya macho yao, akaurudisha mchezo pale uliposimama, akawaacha Mbuta na Kifaru waendelee.

Askari wa Kifaru akapiga hatua moja. Mbuta akamtuma malkia wake mbio kurudi, akachelewa. Askari akafika ukingoni, akageuka malkia. Kisha yakaanza mauaji. Farasi wa Mbuta akaliwa. Ngome ikaliwa. Malkia aliyetegemewa akajitupa mbele ya mfalme wake, akaliwa naye. Mchezo ulichukua muda mrefu, na hakuna mtoto aliyeshangilia. Mwishowe mfalme wa Mbuta alisimama kwenye kona, peke yake, akakamatwa.

Wanyonyi alitazama ubao, kisha akaitazama mikono yake. Damu ya Muturi ilikuwa imekaukia kwenye vifundo vya vidole.

"Kwa hivyo hakuzima," alisema kwa sauti ndogo.

"Hakuzima," Nangila alijibu.

Wanyonyi akatoka nje, akashika ukuta, akatapika.

Muturi alilazwa. Mkono ulifungwa plasta, lakini daktari hakuweza kusema kama jicho la kushoto litaona tena. Nangila alikwenda kumtazama siku ya pili pamoja na mama yake. Mama alikuwa ameshamwadhibu, kisha akalia naye. Mureithi alikuwa amekaa kando ya kitanda, kichwa kimefungwa kitambaa cheupe.

Nangila alieleza yote tena, bila kujipunguzia chochote. Muturi alisikiliza, nusu ya uso wake ikiwa ndani ya bandeji.

"Ile alama si kitu," alisema mwishowe. "Hata mimi ningeiweka. Michezo ilikuwa inachosha."

Akamgeukia kwa jicho la kulia.

"Lakini ulikuwa umesimama hapo karibu, Nangila. Nilijua utasema. Sikuogopa hata kidogo, kwa sababu nilijua utasema."

Nangila alilia mpaka muuguzi akaja kuuliza kuna nini. Alichoweza kufanya ni kurudi, na alirudi kila siku baada ya shule, akimsomea Muturi masomo ya darasani, hata siku ambazo Muturi aligeukia ukutani na hakutaka kusema naye.

Chifu aliwaita wazazi wa wavulana waliopigana. Wanyonyi na wenzake walitumwa kuujenga upya ukumbi wa Mureithi, nao wakapigilia misumari Jumamosi baada ya Jumamosi, Juu na Chini wakishikiana mbao. Nangila alifagia na kupaka rangi pamoja nao, ingawa chifu hakumtaja.

Bandeji ya Muturi ilipoondolewa, jicho liliona mwanga, kisha maumbo. Daktari alisema litaendelea kupata nguvu, lakini halitakuwa tena kama la kulia. Siku aliporudi ukumbini watoto wote walisimama. Wanyonyi alimwendea, akampa mkono, akaomba msamaha mbele za watu, machozi yakimtoka na yeye asiyafute. Muturi aliangalia ule mkono kwa muda mrefu kabla ya kuushika.

Mureithi akasimama mbele yao. Hakuwa mtu wa hotuba.

"Watoto wangu," alisema, "mashine zile ziliuana hapa tangu asubuhi, na hakuna iliyotoka damu. Kila moja iliandika ukweli wake, hata ile iliyokuwa inakufa. Mbuta alikuwa na vipande vingi, lakini aliandika: nimeshindwa. Sisi watu ndio tuliogopa. Wengine mliogopa kushindwa, mkaita mtu mwizi bila kuuliza. Mmoja aliogopa kupigwa, akasema hajui jambo analolijua. Ukweli ni rahisi mapema. Ukichelewa dakika chache, mwenzako anaulipia kwa mwili wake. Ukijua, sema. Na kama hujui, usirushe jiwe."

Alipokwisha kusema alikaa. Mwalimu Becky aliiwasha kompyuta, akamwita Nangila na Muturi mbele. Nangila alifungua masharti ya refa na kuyasoma moja baada ya jingine kwa sauti, mpaka watu wa nyuma kabisa wakasikia. Muturi alisogeza kiti chake, akakaa mkono wa kushoto wa Nangila ili jicho lake zuri liwe upande wa kioo.

"Yote ni hayo?" alimuuliza.

"Yote," Nangila alisema.

Muturi alisoma tena mwenyewe, polepole, kabla ya kubonyeza kitufe.